Swali Nililolimeza

Jumatatu, 3 Machi

Daktari Walter amesema leo kwamba Kiswahili changu kina matope. Mimi, Gesare, niliyepata A ya Kiswahili peke yangu darasa zima! Amelisema hilo mbele ya wagonjwa, na mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi akacheka, ilhali yeye mwenyewe hawezi kuomba hata maji kwa Kiswahili. Basi nimenunua daftari. Nitaandika kwa Kiswahili, msimu mzima huu wa mvua, mpaka hayo matope yamrukie yeye usoni.

Kliniki iko Kebirigo, nyuma ya soko: vyumba vitatu na veranda. Daktari ni huyo Walter, mtu wa Taita, mrefu, mkavu, hana tabasamu hata la kuazima. Nesi ni Sista Ruth, Msabato wa huku kwetu, mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe. Na kuanzia leo niko mimi, ambaye sina cheo. Chuo ninachotaka kuomba nafasi ya udaktari kinadai barua ya msimamizi, kwamba mtu amekaa miezi mitatu penye wagonjwa na kwamba anafaa. Maombi yanafungwa mwisho wa Juni. Sahihi inayotakiwa ni ya Walter. Kwa hivyo mtu anayeniona mimi ni matope ndiye aliyeshika maisha yangu mkononi, na anajua, na anafurahia.

Nimesugua sakafu. Nimepima watoto uzani. Neno nililoambiwa zaidi ya jina langu ni "usiguse".

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sakafu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepandishwa cheo. Wazee wetu hawajui Kiswahili, na Walter hajui Kikisii hata cha kusalimia, miaka yote hiyo aliyokaa hapa. Zamani Ruth ndiye alikuwa akitafsiri, lakini kazi ya sindano imemzidi. Leo nimepewa kiti kando ya meza. Mgonjwa anasema, Walter ananitazama na kuuliza, "Mgonjwa anasema nini?" na mimi namwambia.

Raha yake! Kumbe daktari bila mimi ni bubu.

Ruth hajafurahi. Amenivuta pembeni, amenishika kiwiko kwa nguvu ya kuacha alama. "Wewe binti, sikiza. Akiingia mtu wa kwenu, mtu wa kumwita *tata*, toka uniite mimi, ambaye si mtoto wao. Usijifanye."

"Sawa, sista."

Najua anachosema. Kwetu, kati ya *tata*, yaani baba, na mtoto kuna *ensoni*, aibu ya heshima. Huingii chumba anacholala baba yako. Hutaji mbele yake chochote kilicho chini ya mkanda, na yeye hataji mbele yako. Na baba si mmoja: ni ndugu zake wote, na rika lake lote. Bibi na babu ndio wa kutaniana nao upuuzi wote. Lakini hayo ni ya nyumbani. Kliniki ni kliniki. Ruth anataka kiti chake tu.

Jumanne, 11 Machi

Bibi mmoja kutoka milima ya huko ndani ameeleza ugonjwa wake kuanzia mazishi ya mumewe. Nimengoja amalize, nikamwambia Walter, "Anaumwa mgongo."

Walter ameweka kalamu chini. "Amezungumza muda wote huo, akasema maneno mawili?"

"Mengine hayakuwa na maana, daktari."

"Nipe alichosema. Sitaki ulichoelewa."

Nyoka huyu. Nimerudia kila kitu, mazishi, kondoo, mkwe mwenye kiburi. Kumbe katikati ya kondoo alikuwa ametaja kwamba mguu mmoja umekufa ganzi. Walter alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani nimechuma majani chai asubuhi yote, vidole vimepasuka. Baba hajaniuliza kuhusu kliniki. Yeye alishaamua zamani: B plas ya jumla ya msichana ni ya ualimu, aolewe, tupumzike. Kwenye kikao kile cha familia mwezi wa Januari angenimaliza kama si baba mdogo Obwocha. Baba mdogo alisimama na kofia yake mkononi, mtu ambaye kwa kawaida hanyanyui sauti hata kwa mbwa, akasema, "Huyu ataenda udaktari. Mniache nimalize." Kikao kikaishia hapo.

Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa na malaria utotoni, mpaka hospitalini, mvua ikinyesha hivi hivi. Mkewe alifariki mwaka juzi, hakuacha mtoto. Hukaa peke yake na migomba yake. Akiniita ni "mtoto wangu" tu, kwa Kikisii, tena polepole, kwa ile sauti yake ya chini. Kiswahili chake ni kile cha soko la Masimba, cha kuwauzia ndizi watu wa malori. Nyumbani hakigusi. Husema lugha ya wageni ni ya wageni.

Jumatano, 26 Machi

Baba mdogo ameleta mkungu wa ndizi kliniki, wa kushukuru kwamba nimepokelewa. Walter ametoka mlangoni akasema, "Hatupokei vitu hapa." Hata asante hakuna. Mzee akasimama na mkungu wake kwenye veranda mpaka Ruth akautwaa, akamwambia kwa Kikisii kwamba daktari ana tumbo la mawe. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze Walter na Taita yake yote.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Ruth yuko kanisani kama kila Sabato. Siku nzuri, kwa sababu hiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Sasa najua kupima presha vizuri. Najua mtoto anayepumua kwa mbavu hangoji foleni. Najua Ruth huwapigia kelele akina mama wajawazito mpaka wanalia, halafu huwafuata nje na chai. Sijui anafanya hivyo kwa nini. Si afanye moja?

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi Ruth ameniita mbele ya foleni nzima: "Daktari wa ndoto! Leta beseni la matapishi, na ulishike vizuri, ni kazi ya digrii hiyo." Watu wakacheka. Nikaleta beseni. Moyoni nilikuwa nimemzika na kumwekea mawe juu.

Saa nne ameingia baba mdogo.

Sikumwona kwenye foleni. Mlango umefunguka, ni yeye, amevaa koti la kanisani, kofia ameishika mbele ya mapaja. Ameniona kwenye kile kiti, na miguu yake ikasita. Ningesimama pale pale. Ruth alikuwa chumba cha sindano, ukuta mmoja tu. Ningesema, "Sista, njoo." Lakini lile beseni lilikuwa bado linaninukia mikononi, na nikasema moyoni, nimwite huyu mwanamke aje anicheke tena? Sitaki. Nikakaa.

Walter akajaribu Kiswahili. "Mzee, unaumwa wapi?"

"Tumbo," akasema baba mdogo. "Tumbo mbaya. Na mafua." Halafu akautazama ukuta.

"Muulize ni tumbo la juu au la chini."

Nikamuuliza. Akasema la chini, akiongea na ukuta.

"Muulize kama anakojoa vizuri."

Ninaandika haya kwa hasira, na sijui hasira ni ya nani. Nilifungua kinywa. Neno lilifika hapa kooni. Huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni. Nikamuuliza kwa Kikisii, "Tata, usiku unapata homa?"

Akasema, "La, mtoto wangu. Homa hakuna." Na nikaona amepumua. Alikuwa ameliogopa swali lile lile nililoliogopa mimi, kwa sababu la Walter alikuwa amelielewa nusu. Nimemwokoa, nikajiambia.

"Anasema anakojoa vizuri," nikamwambia Walter.

Walter akamwomba alale kitandani, afungue mkanda ampapase tumbo. Baba mdogo akakataa. Akasema atakuja siku nyingine, leo ana haraka ya ndizi. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani. Walter akakunja uso, akaandika dawa za vidonda vya tumbo na vidonge vya mafua, akasema arudi Jumatatu kama hajapona.

Akatoka. Hakuniangalia. Nilifurahi kwamba yameisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Hajarudi. Amepona basi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua ya mawe. Chai imepigwa, Baba haongei na mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika nikiwa nimevua viatu, matope mpaka magotini.

Mvua ilianza alfajiri. Ruth alikuwa kanisani na simu imezimwa, ni Sabato. Kliniki tulikuwa Walter na mimi, na tulikuwa hatujasemezana tangu asubuhi kwa sababu nilikuwa nimeweka pamba mahali si pake. Mara pikipiki ikasimama verandani. Ni Momanyi wa boda, na nyuma yake, amejikunja, amejifunga kwa kamba kwenye mgongo wa Momanyi ili asianguke, baba mdogo.

Hakuwa akilia. Alikuwa akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Tumbo lilikuwa limevimba chini ya shati, gumu, la duara. Walter aliligusa kidogo tu kwa nje, akageuka kunitazama.

"Kibofu. Huyu hajakojoa tangu lini? Muulize."

Na baba mdogo akanitazama pia. Macho yale. Yalikuwa yananiomba nisimuulize.

"Muulize!"

Sikuweza. Mungu anisamehe, mtu anakufa mbele yangu na sikuweza. Momanyi, aliyekuwa amemshika bega, naye ni kijana wa kumwita mzee yule tata. Alipoona Walter anachukua mpira mwembamba wa kutolea mkojo na kuunyooshea kidole mkanda wa mzee, aliachia bega, akasema, "Aki hapana, hii siwezi," akatoka mbio kwenye mvua. Walter akajaribu kuufungua mkanda mwenyewe. Baba mdogo akaushika kwa mikono miwili, akapiga kelele kwa Kikisii, "Mtoto yuko hapa! Mtoe! Mtoto wangu yuko hapa!"

"Anasema nini?"

"Anasema nitoke."

"Toka basi! Na nani atamwambia atulie? Nikimpasua huko ndani nitasema nini?"

Nikatoka. Nikasimama verandani na mvua inanipiga, na kitu kimoja kikaniingia akilini: nani duniani anaweza kumshika Obwocha na asimwonee aibu? Mtu aliyetahiriwa naye. Wale hawana cha kufichana, walisimama uchi kwenye baridi ya alfajiri moja wakikatwa kwa kisu kimoja. Nyasani! Mzee Nyasani, fundi wa viatu sokoni, yeye na baba mdogo hawajawahi kukutana bila kutukanana.

Nilikimbia. Nilianguka mara moja karibu na vibanda vya nyanya, nikaamka. Nyasani alikuwa chini ya turubai lake na kiatu cha mtu mapajani.

"Tata, njoo kliniki. Obwocha anakufa."

"Nini kimemkuta?"

Na Nyasani naye ni wa rika lile, naye ni baba yangu! Neno hilo singeweza kumtamkia. Mwisho nikaweka mkono kwenye aproni yangu, hapa chini, nikafunga ngumi kuonyesha kitu kilichozibwa. Aibu niliyoisikia sitaisahau. Mzee akaangalia ngumi, akanitazama, akaangusha kiatu.

Akaingia ndani, mlango ukafungwa. Nilibaki nje ya dirisha, nikaupa ukuta mgongo. Niliweka mikono masikioni lakini sikuyaziba.

"Obwocha!" sauti ya Nyasani. "Hivi ndivyo ulivyolia mwaka ule! Nilikuwa kando yako, mwoga wewe, ulimkanyaga mtahiri mguu!"

"Mwongo," baba mdogo akasema, kwa pumzi. "Ni wewe... ulimkanyaga."

"Achia mkanda. Nani anataka hicho chako? Nilikiona kikiwa kipya, hakikunishangaza." Halafu kwa Kiswahili chake cha soko: "Daktari, fanya. Mimi nashika yeye."

Mlio wa maumivu. Halafu maji ndani ya beseni, mengi, hayaishi, na juu ya maji hayo wazee wawili wanacheka, mmoja akilia katikati ya kucheka. Nami nikakaa chini pale pale kwenye matope nikalia, na nikamshukuru Mungu wa Sabato na wa Jumapili.

Walter alitoka baadaye, glavu bado mkononi.

"Siku ile nilikuambia umuulize kama anakojoa. Ulimuuliza?"

"La."

"Ulimuuliza nini?"

"Kama ana homa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. "Ni tezi dume. Ilikuwa imeanza kumbana. Vile vidonge vya mafua huwa vinamalizia kuziba mtu wa hali hiyo. Mimi ndiye nilimpa, kwa mkono wangu, kwa sababu wewe ulisema anakojoa vizuri." Akavua glavu moja. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mliisoma hiyo?"

Tuliisoma. Niliieleza kwenye mtihani, nikapata alama zote.

"Kama ulishindwa siku hiyo, si ungemwita angalau Sista Ruth! Alikuwa hapo." Akaivua na ya pili. "Sahihi yangu usiitegemee," akasema, akarudi ndani.

Baba mdogo amepelekwa hospitali ya Kisii na mpira wake.

Jumatatu, 5 Mei

Nilidhani nyumbani nitapata pa kulilia. Baba alikuwa ananingoja mlangoni.

Hasira yake si kwa sababu nilidanganya. Hilo halikumgusa. "Ulienda sokoni," akasema, "ukamwonyesha Nyasani mambo ya baba yako kwa mkono? Mbele ya wauza nyanya?"

"Baba, alikuwa anakufa."

"Watu hufa! Watu hufa na heshima zao. Sasa Obwocha anasemwa Kebirigo mpaka Kiogoro."

Mama aligeuza uji kwenye sufuria. Nilimwangalia anitetee. "Ungenyamaza tu, Gesare," akasema. "Ungemwita mtu mzima, ukanyamaza."

Basi kliniki nina hatia kwa kunyamaza, na nyumbani nina hatia kwa kusema. Nimekula uji baridi nje, kwenye mvua, makusudi, waone. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 6 Mei

Sakafu. Kiti changu amekalia Ruth.

Ijumaa, 9 Mei

Sakafu. Nilitegemea Ruth anisimange. Amenisogezea sabuni tu. Hiyo pia nimeichukia.

Alhamisi, 15 Mei

Leo Ruth ameniuliza nikiwa nafua mashuka, "Kwa nini hukuniita?"

"Ulinicheka na beseni."

Amefikiria kidogo. "Basi hilo ni langu," akasema. "Lakini usinipe yote. Nusu ni yako." Akaondoka na mashuka yaliyokauka. Sijui kama huko ni kuomba msamaha. Kama ndiko, ni kwa namna ya mtu anayekutupia jiwe polepole.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Nimemwomba Walter sahihi. Nimekaza roho, nimebisha, nimeingia. Nikasema nimekosa, nimejifunza, muda ninao, chuo hakitaningoja.

Alisikiliza akiandika. "Utasomea udaktari, halafu uende wapi?"

"Nirudi hapa. Watu wetu hawana madaktari wao."

"Hapa kila mzee ni baba yako. Utatibu akina nani? Mimi na watu wetu wa Taita?"

Nilihesabu moyoni wazee wa hapa, wote ni tata. Namchukia kwa sababu alisema kweli.

"Obwocha atarudi mwezi ujao kutolewa mpira," akasema. "Mpira ukitoka, ni lazima aulizwe kama anakojoa mwenyewe. Nitauliza, na wewe utatafsiri. Ukiweza, nitaweka sahihi. Sitamwachilia daktari anayeweza kuuliza wageni tu."

"Huo ni ukatili."

"Ndiyo," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Jumapili, 25 Mei

Nilienda kwa baba mdogo na maziwa. Yuko na mfuko wake wa mkojo ameuficha ndani ya gunia la sukari, miguuni. Tuliongea habari za migomba. Alikula, akasema Nyasani anamtembelea kila siku kumtukana. Nilitaka kumwambia kinachokuja. Nilitaka kumwambia pia kwamba mimi ndiye niliyemziba. Nikaosha vikombe. Wakati naondoka akasema, "Nenda salama, mtoto wangu," na nikaenda mpaka barabarani bila kugeuka.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Sakafu.

Jumatano, 4 Juni

Sijui kama nitaweza kuandika hii. Nitaiandika.

Baba mdogo alikuja asubuhi na Nyasani. Mpira ulitolewa na Walter, Nyasani akishika, mimi nikiwa nje. Wakampa maji mengi, wakamwambia atembee kwenye uwanja. Nilimwona akizunguka kwenye nyasi na ile kofia, mzee wa watu, na jua linamwangazia shingo. Baadaye akaenda chooni. Akarudi. Walter akaniita.

Ndani walikuwa Walter kwenye meza na baba mdogo kwenye benchi. Nyasani alikuwa ametumwa nje. Ruth alikuwa mlangoni na trei ya sindano, na akaelewa kabla sijaketi.

"Daktari, hapana," akasema Ruth kwa Kiswahili, sauti ikipanda. "Nitauliza mimi. Huyu ni mtoto wake. Unataka kuwavunjia nini watu?"

Walter hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi. Na barua ilikuwa mezani, imeshaandikwa, kalamu juu yake.

Ningeweza kusema, "Ndiyo, sista, muulize wewe." Mzee angejibu, angecheka hata, na angeniita mtoto wangu tukitoka. Nilijua. Nataka hapa iandikwe kwamba nilijua. Tena nilifikiria wale wengine, wazee wote wa kofia watakaoingia siku moja mahali nitakapokuwa mimi peke yangu, na Ruth hayupo, na Nyasani amekufa. Na pia, nisijidanganye, nilifikiria ile kalamu.

"Asante, sista," nikasema. "Nitauliza."

Ruth akaweka trei chini, akatoka, hakutaka kuona.

"Muulize kama anakojoa vizuri," akasema Walter. Maneno yale yale.

Nikamgeukia. Nilimwangalia usoni, kwa sababu daktari humwangalia mtu usoni. Nikasema kwa Kikisii, wazi, neno lenyewe, silo lile la kuzungukia: "Tata, unakojoa vizuri?"

Hakushtuka. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, kwamba atashtuka, atapiga kelele, atatoka. Alikaa tu. Kitu kilienda mbali usoni mwake, taratibu. Akainua kofia kutoka mapajani, akaivaa kichwani. Akakaa wima, hivi anavyokaa Masimba akiwa mbele ya watu wa malori.

Akanijibu kwa Kiswahili.

"Ndiyo, daktari. Nakojoa vizuri. Maumivu hapana."

Maisha yangu yote hajawahi kunisemesha kwa Kiswahili. Nikangoja aongeze neno moja la nyumbani, lolote, hata la kunilaani. Walter akauliza kama kuna damu. Nikatafsiri. "Damu hapana, daktari." Akauliza kama anaamka usiku. Nikatafsiri, kwa Kikisii, kila swali kwa Kikisii, nikimsihi kwa lugha yetu, na kila jibu lilikuja kwa Kiswahili, kwa adabu, kwa mgeni.

Alipoondoka alinipa mkono. "Asante sana, daktari."

Nje nilimsikia Nyasani akimtukana na yeye akimtukana Nyasani, kwa Kikisii, wakielekea barabarani.

Walter aliweka sahihi. Akanisogezea barua. Akafunika kalamu, akasema, "Kiswahili chako ni kizuri," akaita mgonjwa mwingine.

Jumapili, 8 Juni

Nilimpelekea maziwa. Alikuwa kwenye migomba, akanyoosha mgongo aliponiona, akavua kofia.

"Karibu, daktari," akasema kwa Kiswahili. "Keti." Akaniletea kiti cha wageni.